Jiwe la sikioni mwa mkunga: jina linamshinda, umri na safari anavijua

Tuanze na jina lenyewe, maana ndilo linaloleta vurugu. Pwani yetu tukisema "mkunga" (wa majini, si yule wa wodi ya wazazi) tunaweza kuwa tunamtaja samaki yeyote mrefu mwenye umbo la nyoka. Mkunga wa miambani, yule mwenye meno ya kutisha anayejificha kwenye matundu ya matumbawe, ni mkunga. Mkunga anayenaswa kwenye ndoana usiku mtoni, mbali kabisa na chumvi, naye ni mkunga. Kibiolojia hawa wawili ni wa familia tofauti kabisa. Na hata ukiwaweka pembeni wale wa miambani ukabaki na wa mtoni peke yao, bado hujamaliza kazi. Mito ya pwani ya Afrika Mashariki, ukiwemo ukanda wetu wa Tanga na Pangani, imo ndani ya eneo la mikunga wa mtoni wa aina nne, wote wa jenasi moja: Anguilla bicolor, Anguilla mossambica, Anguilla marmorata na Anguilla bengalensis, ambaye vitabu vya zamani humwita labiata.

Kwa mlaji haina shida, mchuzi ni mchuzi. Kwa anayetaka kujua kama samaki hawa bado wanapanda Mto Pangani baada ya mabwawa yote yaliyojengwa, ni shida kubwa. Kuna wanaosema jibu limo ndani ya kichwa cha samaki mwenyewe, kwenye vijiwe vidogo vya sikio. Ni kweli, lakini kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Historia ya vijiwe hivi inaonyesha kwamba swali tunalopenda kuviuliza, yaani "huyu ni wa aina gani?", ndilo vinalojibu kwa kusitasita. Maswali mengine mawili vinayajibu vizuri zaidi, na ndiyo hayo Pangani inayahitaji.

Ni jiwe, si mfupa

Kwanza turekebishe neno. Watu husema "mfupa wa sikio la samaki", ila huo si mfupa. Ni jiwe kweli: chokaa (kalsiamu kaboneti, mara nyingi katika umbo la fuwele liitwalo aragonaiti) iliyochanganyika na protini kidogo. Kitaalamu linaitwa otoliti. Samaki mwenye mifupa ana jozi tatu za otoliti, tatu kila upande wa kichwa, nyuma ya ubongo. Kwa samaki wengi jozi moja ndiyo kubwa, nayo ndiyo watafiti huitafuta. Umeshawahi kula kichwa cha changu au chewa ukatafuna kitu kigumu cheupe kama kipande cha kaure? Kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unatafuna kumbukumbu yake ya maisha yote.

Kazi ya jiwe hili ni rahisi kuielewa. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo mawimbi ya sauti yanapopita, mwili hutikisika pamoja na maji. Jiwe ni zito zaidi, hivyo linachelewa kidogo. Chini yake kuna seli zenye vinyweleo zinazohisi ule ucheleweshaji na kupeleka habari kwenye ubongo. Hivyo ndivyo samaki anavyosikia, na ndivyo anavyojua pia juu ni wapi na chini ni wapi hata maji yakiwa tope tupu.

Sasa kuna tabia mbili za jiwe hili ambazo ndizo kiini cha makala hii. Ya kwanza, linakua kwa kuongezwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, tangu samaki akiwa yai. Ya pili, kikishawekwa hakiondolewi. Mfupa wa samaki unaweza kuyeyushwa na mwili wakati wa njaa na kujengwa upya. Otoliti kwa kawaida haiguswi. Kilichoandikwa juzi kipo, na kilichoandikwa siku ya kwanza ya maisha kipo pia, katikati kabisa.

Kwa mkunga wa mtoni jiwe hili ni dogo, milimita chache tu hata samaki akiwa mkubwa. Utalitafuta kwa koleo ndogo na subira nyingi.

Kabla ya jiwe: midomo, mapezi na pingili

Watu waliotangulia kuwapa majina ya kisayansi mikunga wa upande wetu hawakutazama sikio. Mjerumani Wilhelm Peters alikaa Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea, na mwaka 1852 akawatangaza mikunga wawili: mmoja akampa jina la nchi, mossambica, mwingine akamwita labiata, yaani mwenye midomo. Yeye aliangalia kile ambacho jicho linaona: rangi, midomo, meno, pezi.

Huku Ulaya nako mkunga alikuwa fumbo la aibu. Aristotle aliamini kwamba mikunga hutoka kwenye matope, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mwenye mayai. Mwaka 1876 mwanafunzi kijana kutoka Vienna alipelekwa Trieste kutafuta korodani za mkunga dume, akapasua karibu mikunga 400 na bado jibu lake likabaki la mashaka. Mwanafunzi huyo aliitwa Sigmund Freud, na baadaye alihamia kwenye mafumbo ya watu. Mwaka 1896 Waitaliano Grassi na Calandruccio wakaonyesha kwamba kisamaki kinachoangaza kama kioo chenye umbo la jani, kilichodhaniwa kuwa aina yake peke yake, kumbe ni mtoto wa mkunga.

Hapo ndipo anaingia Johannes Schmidt wa Denmark. Kuanzia 1904 alivua watoto hao wenye umbo la jani katika Atlantiki, akawa anafuata wadogo zaidi na zaidi hadi akafika Bahari ya Sargasso, na kutangaza kwamba huko ndiko mikunga wa Ulaya wanakozaliwa. Baada ya hapo akataka kujua za dunia nzima. Meli ya Dana ilizunguka dunia kati ya 1928 na 1930, ikakatiza na Bahari yetu ya Hindi. Mzigo wa vielelezo uliotoka huko, pamoja na ule wa makumbusho mbalimbali, ndio uliomwezesha mwenzake Vilhelm Ege kutoa mwaka 1939 kitabu ambacho mpaka leo kila mtu wa mikunga anakutana nacho.

Ege alihesabu na kupima. Pezi la mgongoni linaanzia wapi ukilinganisha na tundu la haja? Pingili za uti wa mgongo ni ngapi? Meno yamepangwaje? Ngozi ina madoa au haina? Kwa mikunga wetu wanne kazi inakwenda hivi: asiye na madoa na ambaye pezi lake la mgongoni linaanza karibu juu ya tundu la haja ni bicolor. Asiye na madoa lakini mwenye pezi linaloanza mbele sana ni mossambica. Wenye madoa ni wawili, marmorata na bengalensis, na hapo sasa ndipo kazi ilipo: unapima urefu wa pezi, unahesabu pingili, na bado vipimo vya mmoja vinaweza kuingiliana na vya mwingine.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walipitia upya vipimo vyote vya Ege. Wakakuta kwamba kwa kutazama mwili peke yake unaweza kuzigawa aina zote za dunia katika makundi manne tu kwa uhakika. Ndani ya kila kundi unahitaji kitu kingine: mahali alipovuliwa, au vinasaba. Mikunga wetu wawili wenye madoa wako kundi moja. Na hao ni wakubwa. Mtoto anayeingia mtoni kutoka baharini, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi na mwili wa kioo, hana madoa bado. Ukimshika mkononi unaona macho mawili meusi na utumbo.

Jiwe kama kitambulisho

Je, jiwe la sikio haliwezi kumaliza ubishi? Wazo hilo si geni. Mwaka 1884 Mjerumani Ernst Koken alianza kuzipa majina aina za samaki wa kale waliokwisha kutoweka kwa kutumia otoliti tu, kwa sababu katika tabaka za udongo wa baharini ndizo zilizokuwa zimebaki kwa wingi huku mifupa imesambaratika. Kati ya 1925 na 1930 Mwingereza G. Allan Frost akachapisha mfululizo wa tafiti akilinganisha maumbo ya otoliti za makundi mbalimbali ya samaki walio hai. Na jirani zetu wa Afrika Kusini, Smale, Watson na Hecht, walitoa mwaka 1995 atlasi nzima ya otoliti za samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Atlasi kama hiyo inamsaidia mtu anayepasua tumbo la papa, pomboo au ndege wa baharini, akakuta nyama imeshasagwa na vijiwe tu vimebaki. Kwa kutazama umbo, kingo na mfereji uliochongeka upande mmoja wa jiwe, anaweza kusema aliyeliwa alikuwa nani.

Kwa hiyo kwenye swali la ukoo, jiwe linafanya kazi. Mkunga wa mtoni na mkunga wa miambani wana mawe tofauti, na mwenye uzoefu hawezi kuyachanganya. Ukikuta otoliti katika jaa la kale la kijiji cha wavuvi, au katika kinyesi cha fisi maji, unaweza kusema "huyu ni Anguilla" bila kuona kipande kingine chochote.

Ila ukitaka kushuka kutoka ukoo hadi mtu mwenyewe, mambo yanabadilika. Aina nne za jenasi moja zimeachana majuzi tu kwa hesabu ya mageuzi, na mawe yao yanafanana mno. Kibaya zaidi, umbo la otoliti halitawaliwi na damu peke yake. Linabadilika samaki anavyokua, linabadilika kwa kasi ya ukuaji, kwa joto, na kwa aina ya maji anayoishi. Mikunga wawili wa aina moja, mmoja wa kwenye mikoko na mwingine wa mtoni juu, wanaweza kutofautiana umbo la jiwe. Watafiti wa leo hupiga picha jiwe, wakaligeuza ukingo wake kuwa hesabu, kisha kompyuta ikalinganisha mamia ya mawe kwa pamoja. Njia hii inatoa uwezekano, mfano kwamba kundi hili linaelekea kuwa tofauti na lile. Kwa samaki mmoja mmoja haiapi.

Ndiyo maana leo, ukitaka jina la uhakika, unakata kipande kidogo cha pezi na kusoma vinasaba. Vinasaba ndivyo vilivyosaidia mwaka 2009 kuthibitisha aina mpya kabisa ya mkunga kutoka kisiwa cha Luzon, Ufilipino, mwenye madoa na aliyekuwa anafanana na wenzake wengine. Basi jiwe limeshindwa? Hapana. Lilikuwa linaulizwa swali lisilo lake.

Jiwe kama kalenda

Mwaka 1899 Johannes Reibisch, akiwa anachunguza samaki bapa wa bahari za kaskazini (ndugu wa gayogayo wetu), alitambua kwamba pete za kwenye otoliti zinahesabu miaka, kama pete za gogo la mti. Majira ya joto samaki anakua haraka na tabaka linakuwa pana. Baridi ikija anasimama, na mstari mwembamba unabaki.

Frost mwingine, Winifred Frost, alitumia kalenda hiyo kwa mikunga wa eneo la Ziwa Windermere huko Uingereza, na kazi yake juu ya umri na ukuaji wao ilitoka mwaka 1945. Majina ya hawa wawili yasikuchanganye: G. Allan ndiye wa maumbo, Winifred ndiye wa umri. Huyu Winifred ndiye pia aliyekuja kuchunguza mikunga wa Kenya, na ripoti yake kuhusu biolojia ya mikunga wa huko ilichapishwa London mwaka 1955. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo za kina juu ya mikunga wa mito inayomwaga maji kwenye pwani hii yetu.

Hebu fikiria tatizo linalomkabili mtu anayetoka Windermere na kalenda ya baridi na joto, akafika nchi isiyo na baridi hiyo. Pangani hakuna theluji ya kumsimamisha mkunga. Kuna masika na kuna vuli. Mto unajaa, unachafuka, unapungua, unajaa tena. Je, pete moja ni mwaka mmoja, au ni mvua moja? Ukikosea hapo, mkunga wa miaka 8 unamwandika miaka 16. Njia ya kuhakikisha ipo: unamchoma samaki dawa inayoacha alama kwenye jiwe, unamrudisha majini, unamvua tena baada ya muda unaoujua, kisha unahesabu pete zilizoongezeka baada ya alama. Ni kazi ndefu, na inapaswa kufanyika kwenye mto wenyewe. Huwezi kuazima kalenda ya Uingereza, wala ya Afrika Kusini.

Mwaka 1971 likaja jambo kubwa zaidi. Giorgio Pannella alionyesha kwamba kati ya pete za mwaka kuna pete nyembamba sana, za siku moja moja. Kumbe jiwe lilikuwa na shajara! Kwa mikunga hili lilikuwa ufunguo, maana sasa ungeweza kumshika mtoto wa kioo anayeingia mtoni, ukasaga jiwe lake mpaka katikati, ukahesabu siku tangu azaliwe. Na katikati ya pete hizo kuna mabadiliko yanayoonyesha wakati alipoacha umbo la jani na kuwa mkunga mdogo.

Hapa pia tusishangilie kupita kiasi. Schmidt alikuwa amekadiria kwamba watoto wa mkunga wa Ulaya huvuka Atlantiki kwa miaka 2 au 3. Watafiti waliohesabu pete za siku walipata chini ya mwaka mmoja. Ubishi ukawa mkali, kwa sababu samaki mwenye njaa kwenye maji baridi anaweza kukua taratibu mno kiasi kwamba pete hazionekani, au hazijengwi kabisa. Kwa mikunga wa maji ya joto kama wetu hofu hiyo ni ndogo, lakini somo ni lile lile: shajara inaweza kuwa na kurasa zilizogandamana.

Jiwe kama pasipoti

Jambo la tatu ni kemia. Jiwe linajengwa kwa kalsiamu iliyoko majini, lakini mara nyingine elementi ndugu yake, strontiamu, inaponyoka na kuingia mahali pake. Maji ya bahari kwa kawaida yana strontiamu nyingi kuliko ya mto. Kwa hiyo ukipima uwiano wa strontiamu na kalsiamu kutoka katikati ya jiwe hadi ukingoni, unapata mstari wa safari: hapa alikuwa baharini, hapa aliingia mtoni, hapa alirudi kwenye chumvi.

Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto na wenzake walitumia mbinu hii wakauliza swali lililoonekana la kijinga: hivi mikunga wote huingia mtoni? Jibu lilikuwa hapana. Walikuta mikunga wa Japani na wa Ulaya ambao mawe yao hayakuwa na dalili ya maji baridi hata kidogo. Walikuwa wameishi maisha yao yote baharini. Kitu kilichofundishwa mashuleni kama kanuni, kwamba mkunga huzaliwa baharini, hukulia mtoni na kurudi baharini kuzaa, kikawa ni mojawapo ya njia tu.

Na kwa upande wetu wa dunia? Mwaka 2008 timu iliyokuwa na watafiti wa Ufaransa, Japani na Madagaska ilitoa kazi iliyotumia mawe ya mikunga wadogo wa Madagaska na visiwa vya jirani kutafuta njia zao, na mwaka uliofuata ikaja nyingine iliyomhusu mossambica hasa. Kwa kuhesabu siku na kuzilinganisha na mikondo ya bahari, walielekeza kidole mashariki ya Madagaska, kwenye mgongo wa chini ya bahari wa Mascarene, kuwa ndiko mikunga hawa wanakozaliwa. Mkondo unaotoka huko kwenda magharibi hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, hugonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha tawi moja hupanda kaskazini kupitia Mafia, Unguja na Tanga. Ndiyo barabara yenyewe. Mtoto mwenye umbo la jani hahitaji kujua Pangani iko wapi, mkondo unamfikisha mlangoni.

Sasa turudi mtoni

Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru kupitia Kikuletwa, na Ziwa Jipe kupitia Ruvu, yakakutana Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto unashuka kupita Korogwe, Hale, maporomoko ya Pangani, ndipo unafika mjini Pangani na baharini.

Na karibu kila hatua hiyo ina ukuta. Umeme ulianza kufuliwa kwenye maporomoko ya Pangani katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza. Mtambo wa Hale ulianza 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1995 ukazinduliwa mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani, wa megawati 68. Umeme huu umewasha nyumba na viwanda, na bwawa la Nyumba ya Mungu limewapa watu wengi perege wa kuvua. Hakuna anayesema kuta zibomolewe. Suala ni kwamba mkunga hakuulizwa.

Mkunga mdogo ni mpandaji hodari. Akiwa na sentimita chache anaweza kupanda mwamba wenye unyevu, hata uliosimama wima, kwa kujibandika. Maporomoko ya asili hayakuwa kizuizi kamili kwake. Ukuta mrefu na mkavu wa zege ni habari nyingine. Na hata akipita, anaporudi baada ya miaka mingi akiwa mkubwa na amenenepa, njia ya kushuka inaweza kumpeleka kwenye mitambo. Mkunga huzaa mara moja tu maishani kisha anakufa. Jike anayekatwa na mtambo akiwa njiani kwenda Mascarene hakuwa amezaa hata mara moja.

Hapo ndipo ujanja wa samaki huyu unapotudanganya. Mkunga anaishi muda mrefu, miaka 10, 20 na zaidi. Ukiziba mto leo, wavuvi wa juu ya ukuta wataendelea kunasa mikunga kesho, mwakani, hata baada ya muongo mmoja. Kila mtu atasema "mbona wapo?" Wapo, lakini ni wazee waliofungiwa ndani. Siku watakapokwisha hakuna atakayekumbuka walianza kupungua lini.

Otoliti inaweza kuona hilo mapema. Chukua mfano. Unavua mikunga juu ya ukuta uliofungwa mwaka 1995. Kama mawe yao yanaonyesha vijana wa miaka 5, 8, 12, basi bado kuna njia ya kupanda, na ni vyema kuitafuta na kuilinda. Kama wote ni wazee wa rika moja na hakuna hata kijana mmoja, huo ni msiba unaojificha nyuma ya samaki wakubwa wazuri. Kwa Nyumba ya Mungu hesabu ni rahisi zaidi: ukuta una takriban miaka 60, kwa hiyo mkunga wa miaka 15 akikutwa huko leo alipanda ukuta ukiwepo, au kuna mtu aliyembeba.

Kemia nayo ina kazi yake chini ya mto. Mtu akinasa mikunga mlangoni, kwenye mikoko ng'ambo ya Bweni, anaweza kuripoti kwamba Pangani ina mikunga wengi na mto uko salama. Tumeshaona kwamba mkunga anaweza kuishi maisha yote bila kuingia kwenye maji baridi. Wale wa mlangoni wanaweza kuwa wakazi wa chumvi tu, wala hawana habari na Korogwe. Jiwe litawatenganisha. Hapa Pangani lakini itabidi kupima na maji yenyewe, maana mto ukipungua nguvu chumvi ya bahari hupanda juu zaidi, na alama ya "baharini" kwenye jiwe inaweza kumaanisha kwamba samaki alitulia, bahari ndiyo iliyomfuata.

Na jina? Jina linahitajika sana, maana aina hizi nne hazina tabia moja. Kwa kawaida bicolor hupenda maeneo ya chini karibu na pwani, wakati mossambica na bengalensis hupanda mbali. Ukiwachanganya wote kwenye daftari moja lililoandikwa "mkunga", bicolor wa chini wanaweza kuficha kutoweka kwa wenzao wa juu. Kwa hiyo samaki mmoja anahitaji vitu vitatu: kipimo cha pezi na madoa kwa ajili ya jina la awali, kipande cha ngozi kwa ajili ya vinasaba, na vijiwe viwili kwa ajili ya umri na safari. Wala si lazima kuua samaki kwa ajili ya hili. Vichwa vya mikunga vinavyotupwa baada ya samaki kuuzwa bado vina mawe ndani, alimradi mtu aandike alivuliwa wapi, lini, na alikuwa na urefu gani kabla ya kukatwa.

Vifaa vya kuanzia havitishi: kisu, koleo, bahasha ndogo za karatasi, penseli, baadaye msasa laini na hadubini ya kawaida ya chuo. Kipimo cha strontiamu ndicho kinachohitaji mashine kubwa, na hicho kinaweza kusubiri, kwa sababu jiwe likikaushwa na kuhifadhiwa vizuri halibadiliki. Makumbusho za Ulaya zina mikunga wa tangu enzi za Peters. Sisi tuna mto wenyewe, wenye kuta za tarehe zinazojulikana kabisa, yaani jaribio lililokwishafanyika bila mtu kukusanya matokeo yake. Kila mkunga mzee anayeliwa juu ya Hale na kichwa chake kutupwa ni ukurasa wa shajara hiyo uliochanwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uvuvi au biolojia anayetafuta mada ya utafiti, hii hapa: mikunga wa juu ya kuta za Pangani wana umri gani? Ukianza na bahasha 30 tu zilizoandikwa vizuri, utakuwa unajua kitu kuhusu mto huu ambacho kumtazama mkunga kwa macho hakuwezi kukuambia.